Dickens, kiwi ya viatu na yule dogo Bob Fagin

Kila aliyepita sekondari anaijua ile sehemu Oliver Twist anaomba aongezewe uji. Mimi nilikisoma nikiwa kidato cha pili, kile kitabu kilichofupishwa, kurasa za mwisho zimechanwa sijui nani alifungia maandazi, kwa hiyo kwa miaka mingi sikujua hata kama yule dogo alisalimika. Nilichojua ni kwamba alikuwa na njaa. Na mpaka leo Charles Dickens, yule Mwingereza aliyekiandika, akitajwa utasikia hivyohivyo, mtetezi wa maskini, aliandika njaa ya London, basi imeisha. Mi naona tunampunja. Njaa ipo, sikatai, ila kitu kilichomuwasha yule bwana mpaka anaingia kaburini ni aibu.

Turudi 1824. Baba yake Dickens, jina lake John, alikuwa karani ofisi ya mishahara ya jeshi la wanamaji, yaani si tajiri lakini si wa kulala njaa, mtu wa koti zuri na wageni mezani, tatizo lake ni kwamba matumizi yalikuwa yanatembea mbele ya mshahara. Madeni kila kona. Mwoka mikate mmoja akamdai pauni 40 na shilingi 10, mzee akashindwa, akawekwa ndani Marshalsea, jela ya wadeni kule Southwark. Hizi jela nazo zilikuwa vituko, unafungwa kwa sababu huna hela halafu ukishafungwa huwezi kutoka kwenda kutafuta hiyo hela, ila familia yako inaruhusiwa kuhamia humohumo. Basi mama na watoto wadogo wakabeba virago wakahamia jela.

Charles hakuhamia, yeye alikuwa kashapelekwa kibaruani, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 12. Kiwanda cha Warren kando ya mto Thames, pale Hungerford Stairs, jengo limeoza na panya wanapishana kwenye ngazi. Walikuwa wanatengeneza dawa ya viatu, hii ambayo sisi tunaiita kiwi. Kazi yake ilikuwa kuchukua kikopo, kukifunika na karatasi yenye mafuta, juu yake karatasi ya bluu, kufunga uzi, kukata kingo zilingane pande zote, na vikishakuwa vingi anabandika lebo. Halafu kingine. Halafu kingine. Shilingi 6 au 7 kwa wiki. Na wakati huohuo dada yake Fanny anasoma muziki Royal Academy of Music, ada inalipwa, siku dada anapewa zawadi Charles yupo pale kwenye viti anameza machozi.

Sasa mtu ninayemtaka hapa ni Bob Fagin.

Bob alikuwa yatima aliyekuwa akifanya kazi palepale. Siku ya kwanza yeye ndiye aliyepanda juu na aproni yake imechanika, kofia ya karatasi kichwani, kumwonyesha mgeni jinsi ya kukaza ule uzi na kupiga fundo. Siku nyingine Charles akashikwa na maumivu ya ubavu hajiwezi kabisa, Bob akajaza maji ya moto kwenye chupa tupu za kiwi akawa anamkanda nazo karibu nusu siku. Jioni Bob akasema huwezi kwenda peke yako, nakusindikiza. Hapo ndipo dogo alipochanganyikiwa, maana "nyumbani" ni jela. Akajaribu kumkwepa, Bob hataki kusikia, wakatembea mpaka karibu na daraja la Southwark, Charles akachagua mlango wa nyumba yoyote, akasimama kwenye ngazi, akampa Bob mkono, asante sana, mimi nimefika. Na kwa kuogopa kwamba jamaa atageuka nyuma aone, akagonga kweli. Mama mmoja akafungua. Charles akamuuliza, eti hapa ndio kwa bwana Robert Fagin?

Mi nikifika hapo huwa nasimama kwanza. Kama uliwahi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada utanielewa, ile saa nne asubuhi una begi mgongoni unazunguka njia ya nyuma ya nyumba za watu ili jirani asikuone, na ukionwa unasema mwalimu anaumwa. Mtoto haogopi kukosa kitu, anaogopa kuonekana amekosa.

Miaka kama 13 baadaye, anaandika Oliver Twist, anatafuta jina la mzee anayefundisha watoto wizi wa mifukoni. Anamwita Fagin! Jina la mtu aliyemkanda ubavu. (Na kumfanya awe Myahudi wa kuchukiza ni deni lingine ambalo lilikuja kumfuata, wasomaji Wayahudi walimlalamikia na baadaye alipunguza.) Watu wanashangaa kwa nini alimlipa Bob hivyo, mi sishangai sana. Wema wa Bob ndio uliokuwa hatari. Ukishakubali kufundishwa fundo na Bob, ukicheka naye, ukizoea, basi wewe ni wa palepale kiwandani, mtoto wa kiwi. Dickens alikuwa anajiona mtoto wa watu aliyedondoka, siyo aliyezaliwa chini.

Ukilishika hilo vitabu vyake vinafunguka. Mzee Micawber kwenye David Copperfield na hesabu zake, kipato pauni 20, ukitumia kidogo chini ya hapo raha, ukipitiliza kidogo tu balaa, hayo ni mawaidha baba yake alimpa akiwa gerezani, fikiria, mdeni anafundisha bajeti akiwa jela. Little Dorrit ni Marshalsea yenyewe, mzee amefungwa mpaka anaona ufahari kuitwa baba wa jela, anapokea vijisenti vya wageni kama vile ni heshima. Na Scrooge, yule bahili wa hadithi yake ya Krismasi anayeuliza kama jela na nyumba za maskini zimefungwa, hakutoka hewani. Sheria ya 1834 ilitaka maskini akitaka msaada aingie kwenye nyumba hizo, mume huku mke kule watoto kwingine, na maisha ya ndani yawe mabaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliye nje, makusudi, ili watu waone aibu kuomba. Mwaka 1843, baada ya kusoma ripoti ya serikali kuhusu watoto wa migodini na viwandani, Dickens alipanga kuandika kijitabu cha kupiga kelele, akaghairi, akaandika hiyo hadithi ya Krismasi. Alifanya la maana, vijitabu vya mwaka ule nani anavisoma leo?

Ila simsifii tu. Oliver kalelewa kwenye hizohizo nyumba za maskini, na wapishi wa uji, halafu anaongea Kiingereza safi kama mtoto wa mchungaji, na mwisho anagundulika ana urithi. Bob Fagin hakuwa na urithi popote. Hapo ndipo Dickens ananiudhi, anamwokoa yule anayefanana naye na wengine anawaachia machozi yetu.

Hakuwahi kuisema hadithi hii hadharani. Alimwambia rafiki yake John Forster, na watoto wake wakaja kuijua kwenye kitabu cha Forster baada ya baba yao kufa 1870. Kwa miaka, akikaribia kiwanda kingine cha kiwi pale Strand, alikuwa anavuka barabara upande wa pili kukwepa harufu ya ule ulimbo uliopakwa kwenye vizibo vya chupa za kiwi.

Juzi nilikisoma tena Oliver Twist, kizima safari hii. Mtoto kafika London miguu imechubuka, anapandishwa ngazi gizani, mlango unafunguliwa, na huyo Fagin tunayemwogopa yuko mbele ya moto ana uma mkononi, anakaanga soseji. Anampa Oliver chakula, na kitu cha moto cha kunywa.