Kufungiwa nyumbani: nani abebe mzigo wa afya ya akili?

Tarehe 6 Mei 2020, ili kuzuia kuenea kwa virusi vya korona, Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuingia na kutoka Mji wa Kale wa Mombasa na mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Misikiti ilikuwa imeshafungwa, tarawehe zikawa za sebuleni, na baraza ambazo jioni hujaa watu zikabaki tupu. Siku 15 zilizotangazwa mwanzo ziliongezwa hadi mapema Juni, kwa hiyo hata Idi iliwakuta wakazi wamefungiwa humo humo.

Kipindi hicho simu zetu zilikuwa zimejaa ushauri. Amka saa ile ile kila siku, fanya mazoezi, punguza kufuatilia habari, pigia jamaa simu, jitengee mahali pa kutulia peke yako. Wapo walioushika na ukawafaa. Wapo pia waliouona ni maneno ya watu wenye nafasi. Naona pande zote mbili zina hoja, ila hazina uzito sawa.

Nianze na wanaoutetea. Mwili wa binadamu hupanga usingizi wake kwa mwanga wa jua na kwa saa za kuamka. Anayelala mchana kwa kukosa kazi, kisha akakesha na simu, huvuruga usingizi, na usingizi ukivurugika, wasiwasi hupata nguvu. Hilo halibagui tajiri na maskini. Kuhusu habari ni vivyo hivyo. Kila siku Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, au wasaidizi wake walitangaza idadi ya walioambukizwa na waliokufa, halafu usiku kucha WhatsApp ikaongeza uvumi juu yake. Aliyesikiliza taarifa mara moja kisha akazima simu alijua yote aliyohitaji kujua, na akalala.

Kuna wanaosema msongo wa mawazo ni ugonjwa wa walioshiba. Sikubaliani nao hata kidogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, viliongezeka kwa takriban asilimia 25 duniani, na waliolemewa zaidi ni vijana na wanawake. Mtu aliyepoteza kibarua, ana watoto wanne ndani na kodi ya mwezi inamngoja, ana sababu nyingi zaidi za kulemewa na mawazo kuliko meneja anayefanya kazi kwa kompyuta akiwa nyumbani.

Lakini hapo ndipo ushauri ule unapokwama. Mathare au Mukuru, mitaa ya mabanda ya Nairobi, familia nzima huishi katika chumba cha futi kumi kwa kumi, maji hununuliwa kwa mtungi, na choo ni cha ploti nzima. Ukimwambia mama wa chumba hicho ajitengee mahali pa kutulia, unamwongezea jambo la kushindwa. Wapo pia ambao nyumba yenyewe ndiyo hatari. Mapema Aprili 2020 Jaji Mkuu David Maraga alieleza kuwa makosa ya kingono yalikuwa yameongezeka, na baadhi ya watuhumiwa walikuwa watu wa karibu wa waathiriwa. Kwa msichana anayeishi na mtu kama huyo, agizo la kubaki nyumbani ni agizo la kubaki na anayemdhuru. Na usiku wa tarehe 30 Machi, mtaa wa Kiamaiko, Nairobi, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, polisi wakisimamia kafyu. Alikuwa amebaki nyumbani kama ilivyoagizwa.

Uganda, Rais Museveni alipoona watu wakifanya mazoezi ya kukimbia kwa makundi barabarani aliwakataza, kisha akatoa video akifanya mazoezi ndani ya ofisi yake. Alichokusudia kilikuwa chema, na mzee wa miaka 75 anayekimbia huhimiza wengi. Ila ofisi ile ilikuwa na nafasi ya kukimbia.

Kwa hiyo nauliza ni nini hasa kilichotuliza mioyo ya watu wengi, na majibu yangu mawili hayamo katika orodha yoyote ya ushauri wa afya ya akili. La kwanza ni uamuzi wa Machi 2020 wa kuondoa ada za kutuma pesa kwa simu kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, uliodumu hadi mwisho wa mwaka. Mtu aliweza kumtumia mama yake kijijini shilingi mia mbili bila kukatwa, na pesa ile ilikuwa pia salamu. La pili ni Kazi Mtaani, mpango uliowalipa vijana wa mitaa ya mabanda kuzibua mitaro na kufagia. Uliundwa kama msaada wa kipato, na ulikuwa na kasoro zake za malipo kuchelewa. Hata hivyo ulimpa kijana saa ya kuamka, jua mwilini, wenzake wa kuzungumza nao na kitu cha kupeleka nyumbani jioni. Ni ushauri wote wa wanasaikolojia, umelipiwa.

Kilichokosekana ni nafasi ya kutoka nje. Hispania, iliyofunga watu kwa ukali tangu katikati ya Machi 2020, iliruhusu watoto kutoka saa moja kwa siku kuanzia tarehe 26 Aprili, wasivuke kilomita moja kutoka nyumbani. Walikubali kwamba mtoto anahitaji hewa kama anavyohitaji chakula, wakaweka masharti.

Daktari wa Mombasa atanijibu kuwa vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, watu wawili hawapishani bila kugusana, na Mei 2020 hospitali zilihofia kuzidiwa. Ni jibu zito, na silipuuzi. Lakini virusi hivi huenea zaidi ndani ya vyumba visivyopitisha hewa kuliko penye upepo, na kumzuilia mzee wa pumu chumbani na wajukuu sita siku nzima nako kuna hatari yake. Upo uwanja unaotazama Bandari ya Kale, unaopigwa na upepo wa bahari. Vichochoro vingeweza kugawiwa zamu: hawa baada ya alfajiri, wale baada ya alasiri, wazee na watoto kwanza, barakoa usoni. Wazee wa mitaa wanajua kila nyumba ina watu wangapi na nani ni mgonjwa. Kabla ya janga jingine, kamishna wa kaunti aketi nao waiandike ratiba hiyo, na iwe sehemu ya amri yenyewe ya kufunga mtaa.