Bawaba sio shida, shida ni skrini ya ndani

Mwandishi wa makala anasema simu za kukunja, zile ambazo skrini yake ya ndani inajikunja katikati, zimeshakomaa kwa kuwa zinapimwa kukunjwa mara 200,000, mi naona hapo kaangalia upande mmoja tu. Maabara mashine inakunja simu safi, haina vumbi wala mchanga wa mfukoni, na hao ndo maadui wenyewe, chembe moja ikipenya kwenye bawaba inaisukuma skrini kutokea chini yake. Mnakumbuka Galaxy Fold, simu ya kukunja ya kwanza ya Samsung, 2019? Ilibidi wasogeze kuanza kuiuza kutoka Aprili hadi Septemba, baadhi ya waliopewa kuijaribu walibandua ile plastiki ya juu wakidhani ni ya kutoa, skrini ikafa hapohapo. Wameboresha sana tangu hapo, sikatai. Ila kwa fundi sasa! Skrini ya ndani ikiharibika mara nyingi hubadilishi kioo peke yake, inatoka yote na fremu na bawaba yake, na ndo kilichonikuta mimi, simu haijaanguka hata siku moja, naamka asubuhi nakuta mstari mweusi kwenye mkunjo, nikatajiwa bei inayokaribia simu mpya kabisa!! Watuuzie vipuri na mafundi wa kawaida wapewe mwongozo wa kuzifungua.