Giza halifuti rangi

Maelezo tunayowapa watoto kuhusu wanyama wa mapangoni hayatoshi, na jambo hili linanikera. Tunawaambia: kule hakuna jua, basi rangi ikapotea yenyewe. Lakini hebu ingia pango la Mangapwani, hapa Unguja. Popo wanaoning'inia humo mchana kutwa wana rangi yao na macho yao, kwani usiku hutoka nje kutafuta riziki. Kukaa gizani peke yake si sababu.

Mfano mzuri uko Mexico, kwa samaki aitwaye Astyanax mexicanus. Walioko mtoni wana rangi na wanaona. Ndugu zao wa mapangoni ni weupe na vipofu. Mwaka 2006 watafiti walionesha kuwa weupe huo unatokana na hitilafu katika jeni iitwayo OCA2. Katika mapango ya Pachón na Molino jeni ni ileile, ila kipande kilichokatika ni tofauti. Yaani kila pango lilifika kwenye weupe kwa njia yake.

Jeni hiyo ikiharibika kwa binadamu huleta aina ya ualbino inayoonekana zaidi Afrika. Hapa Unguja, mtoto mwenye ualbino anahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, maana melanini, yaani ile rangi ya ngozi, ndiyo ingeizuia miale isimuunguze na kumletea saratani ya ngozi. Samaki wa pangoni hana jua la kumuunguza, wala ndege wa kumvizia kwa weupe wake. Hitilafu iliyo hatari huku juu, kule haimgharimu kitu. Anayezaliwa nayo anaishi, anazaa, anairithisha.

Macho ni habari nyingine: kuyaendesha kunakula nguvu, na pangoni chakula ni haba, hivyo asiye nayo ana nafuu. Wapo wanaodai rangi nayo ni hivyo, kwamba tirosini, malighafi ya melanini mwilini, isipotumika kutengeneza melanini hutengeneza dopamini, kemikali ya kupitisha ujumbe katika ubongo. Hoja hiyo ina uzito, lakini mimi bado natanguliza ile ya kwanza, kwamba weupe haumgharimu samaki kitu.

Ningependa walimu wetu wa baiolojia waandike ubaoni OCA2 ya samaki na ya binadamu pamoja, kisha ndipo wamfikie Darwin, ambaye mwaka 1859 naye aliandika kuwa macho ya wanyama wa mapangoni yalipotea kwa kutotumika.