Saa 7:00 ya nani?

Jana kwenye grupu la ukoo mtu katuma tangazo la aplikesheni nyingine ya afya, kwamba mgonjwa akisharuhusiwa hospitali familia inaendelea kupata maelekezo ya daktari kiganjani, watu wakamimina makofi na hongera. Mimi nikaweka simu chini, roho iliniuma. Nimeshapita huko na Mama, leo nimeona niandike.

Mama aliruhusiwa Ijumaa mchana baada ya wiki mbili wodini, sukari na kidonda cha mguu. Mnazijua ruhusa za Ijumaa, bili inalipwa mbio mbio, foleni dirisha la dawa, nesi anaongea haraka maana kuna mwingine anasubiri kitanda, mwisho tukaambiwa msiwe na wasiwasi, pakueni aplikesheni, kila kitu kimo humo. Nikapakua mimi kwa sababu mwenye simu ya kupangusa nilikuwa mimi. Mama akapanda basi kurudi Muheza na mpwa wangu mwenye kiswaswadu, mimi nikabaki Dar kazini. Yaani anayechoma sindano yuko Muheza, kengele ya sindano inalia mfukoni kwangu ndani ya daladala ya Mbagala.

Asubuhi yake ikaingia: "Insulini 7:00 na 19:00, kabla ya kula". Nikamtumia mpwa wangu kama ilivyo. Binti akasoma saa saba, na nani kwetu angesoma vingine, saa saba ni jua la utosini. Akamchoma bibi yake saa saba mchana. Hiyo 19:00 hakuielewa, akadhani ni namba ya dawa, akaiacha. Siku ya tatu usiku akanipigia, "Shikamoo mjomba, hii mashine ya sukari leo haitoi namba, inaandika HI tu, imeharibika?"

Haikuwa imeharibika. Sukari ilikuwa imepanda mpaka mashine imeshindwa kuisoma.

Kwenye aplikesheni kuna sehemu ya kumuuliza daktari, nikaandika, ikajibu "Asante, ujumbe wako umepokelewa". Nikaandika tena, jibu lile lile. Aliyetuokoa ni nesi wa zahanati ya kijijini, aligongewa mlango saa sita usiku akaja amejitanda kanga, akamwangalia Mama akasema hapa hapakai mtu, twendeni hospitali ya wilaya sasa hivi. Mama yupo, Alhamdulillah, ila ule usiku sitausahau.

Ndo maana nasema kitu kimoja na nitakirudia hata mnichoke: upande wa pili wa ile meseji lazima awepo mtu. Majirani zetu Kenya walishaonyesha hili, matokeo yalitoka 2010 kwenye jarida la Lancet. Walichukua watu 538 walioanza dawa za VVU kwenye kliniki tatu, nusu yao hivi wakawa wanatumiwa kila wiki neno moja tu, "Mambo?", kwenye simu yoyote ile hata iwe ya tochi. Unajibu "Sawa" au "Shida". Ukijibu shida, au ukikaa kimya siku mbili, nesi anakupigia. Basi, hakuna kingine. Waliosema wanameza dawa inavyotakiwa walikuwa asilimia 62 upande wa meseji na 50 upande usio na meseji. Na angalia, hawakuwa wanamkumbusha mtu dawa, walikuwa wanamjulia hali, jambo ambalo sisi tumelelewa nalo tangu utotoni. (Mama yangu lakini ungemwandikia Shikamoo, Mambo asingeijibu.) Mpwa wangu angeandika "Shida" ile siku ya kwanza tu alipokwama kwenye 19:00, naamini hivyo kabisa.

Haya, nakubali sio kila kitu kibaya. Dada yangu ana presha, kengele ya simu imemsaidia kweli, ila yeye simu anayo mwenyewe na anaishi mjini. Na M-mama sina ubishi nayo, mjamzito anapigiwa 115 bure na usafiri unatafutwa. Njia ya kwenda hospitali tumeiwekea namba, njia ya kurudi nyumbani tunapewa nywila.

Bando nalo linaisha. Na simu ya nyumba nzima haifai kutumiwa siri ya mgonjwa, hilo nalo mlifikirie.

Ndugu zangu mnaotengeneza hivi vitu, nawaomba sana, nendeni wodini Ijumaa mchana mkae kwenye lile benchi. Mtafuteni aliyebeba begi la mgonjwa, huyo ndo atakuwa nesi kuanzia usiku huo. Muulizeni ana simu gani, kisha mwambieni asubuhi ni saa ngapi kwa saa anayoijua yeye.

Nyumbani Muheza sasa hivi kuna karatasi ukutani juu ya mtungi tunaohifadhia insulini, mpwa wangu kaiandika mwenyewe kwa kalamu nene: SAA MOJA ASUBUHI KABLA YA CHAI. SAA MOJA JIONI KABLA YA UGALI. Chini yake kuna namba ya yule nesi wa zahanati.