Muziki wa thieta ni wa mgonjwa kwanza

Redio ya thieta, yaani chumba cha upasuaji, mara nyingi hukaa dirishani, na anayechagua stesheni ni mhudumu. Mgonjwa aliyelala mezani husikia tangazo la sabuni, habari za ajali barabarani, kisha wimbo asioupenda. Napinga utaratibu huo kwa sababu faida ya muziki inamwagika kabla ya kumfikia anayeihitaji.

Faida yenyewe ipo. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 73 yaliyohusu wagonjwa wapatao 7,000. Muziki ulipunguza maumivu baada ya upasuaji, ulipunguza wasiwasi na dawa za maumivu zikatumika kidogo, ingawa siku za kulazwa hazikupungua.

Tuchukue operesheni ya kujifungua kwa ganzi ya mgongo. Mama yuko macho. Anasikia vyuma vikigongana kwenye sinia na mashine ya kufyonza ikinguruma. Muulizeni mapema, angali wodini: anapenda nini, na kwa lugha gani? Mama wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, huenda akataka adungu, kinubi cha huko, wa Kampala nyimbo za kanisani kwa Kiluganda, Mwislamu akaomba kaswida au kisomo cha Kurani. Mwingine atataka kimya, naye aachiwe kimya chake. Muziki uanze, kwa hedifoni, dakika 15 hadi 20 kabla hajaingia: nyimbo za taratibu, mapigo 60 hadi 80 kwa dakika, zisizo na ngoma ya kishindo.

Sindano ya mgongo inapochomwa, hedifoni zivuliwe. Mama amekaa amejikunja, na lazima asikie akiambiwa, “Kunja mgongo zaidi, usisogee.” Akishalazwa, sikio moja tu lizibwe. Katika dakika za mwanzo presha huweza kushuka ghafla, na mara nyingi dalili ya mapema ni kichefuchefu. Ganzi ikipanda mno, vidole vya mikono hufa ganzi na pumzi huwa nzito. Mtu wa usingizi, yaani anayetoa ganzi na dawa za usingizi, huyajua haya kwa kumuuliza mama na kujibiwa. Mkiziba masikio yote mawili, mmejinyima kipimo hicho, na hakuna mashine itakayokirudisha.

Vifaa si ghali. Simu yenye nyimbo zilizopakuliwa inatosha. Iwekwe katika hali ya ndege, la sivyo mtu atapiga katikati ya upasuaji, na iwe imechajiwa maana umeme hukatika. Chagueni hedifoni za kufunika sikio zenye ngozi laini, zifutwe kwa spiriti ya asilimia 70 baada ya kila mgonjwa na ziachwe zikauke. Za sponji msinunue: damu ikiingia haitoki. Waya upite upande wa kichwani, mbali na dripu.

Spika ya timu ya upasuaji ni suala jingine, na hapo mimi ni mkali. Mlio wa oksimita, kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu, huwa mzito kadiri oksijeni ya mgonjwa inavyoshuka. Mtu wa usingizi aliyegeuka kuvuta dawa kwa bomba la sindano huligundua tatizo kwa sikio kabla ya kutazama namba. Besi nzito huumeza mlio huo. Huko Uingereza, watafiti walirekodi kwa video operesheni 20, na matokeo yao yaliyotoka mwaka 2015 yalionyesha kwamba maombi ya kurudiwa yalielekea kutokea mara tano zaidi pale muziki ulipopigwa. Daktari anaomba kifaa, muuguzi hasikii, daktari anaomba tena. Kipimo rahisi: mtu asimame pembeni kabisa mwa chumba aongee kwa sauti ya kawaida. Asiposikika vizuri mezani, au mlio wa oksimita ukififia, punguzeni.

Spika izimwe kabisa mgonjwa anapolazwa usingizi na anapoamshwa, kwenye vituo vyote vitatu vya ukaguzi katika orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani (WHO), na wakati wa kuhesabu vitambaa na vyuma. Damu ikianza kuvuja vibaya, yeyote aliye karibu aizime bila kuomba ruhusa, hata kama mwenye wimbo ni daktari mkuu.

Mtoto anapotolewa, aliye kichwani mwa mama amvue hedifoni papo hapo, ili kilio cha kwanza akisikie kwa masikio yote mawili. Na kama mtoto halii, kimya hichohicho ndicho mkunga anachokihitaji, maana anatega stethoskopu kuhesabu mapigo ya moyo.