Kabla Hatujaizika NMR

Tangu mwaka 2020, programu ya AlphaFold ilipowashangaza wanasayansi kwa kukisia maumbo ya protini kutokana na mfuatano wa asidi amino peke yake, na hasa baada ya Demis Hassabis na John Jumper kupata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2024, limekuwa jambo la kawaida kusikia kwamba spektroskopia ya NMR, mbinu ya kuchunguza molekuli kwa sumaku kali na mawimbi ya redio, haina tena kazi kubwa katika utafiti wa protini. Wanaosema hivyo hawasemi ovyo, na hoja zao zinastahili kuelezwa kwanza bila kupunguzwa makali.

Mashine ya MRI ya hospitali kwa kawaida hutumia sumaku yenye nguvu ya tesla 1.5 au 3. Mashine ya NMR iliyofungwa Florence, Italia, mwaka 2020 ina tesla 28.2, na sumaku za aina hiyo hazifanyi kazi bila heliamu ya majimaji, gesi ambayo bei yake haitabiriki. Protini yenyewe hulazimika kuzalishwa na bakteria waliolishwa isotopu adimu za naitrojeni na kaboni, kisha mtafiti hutumia wiki au miezi kutambua kila ishara inatoka kwa asidi amino ipi. Protini ikiwa kubwa, ishara hufifia na kurundikana. Haishangazi basi kwamba katika PDB, hifadhi ya kimataifa ya maumbo ya protini yenye maumbo zaidi ya 200,000, yaliyopatikana kwa NMR hayafiki hata moja katika kila kumi. Zaidi ya hayo, ulinganisho uliofanywa Sheffield, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kwa protini nyingi makisio ya AlphaFold yaliafikiana na hali halisi ya protini ndani ya maji vizuri kuliko maumbo ya NMR yenyewe. Hilo ni pigo, na hakuna sababu ya kulificha.

Lakini pigo hilo limetua wapi? Katika miaka ya 1980, mwanasayansi wa NMR Kurt Wüthrich wa Zurich alipodai kuwa umbo la protini linaweza kupatikana bila kuigeuza kwanza kuwa fuwele ili ipigwe eksirei, wengi walimtilia shaka, hadi mwaka 1986 umbo la protini ndogo ya tendamistati lilipopatikana kwa NMR na kwa eksirei, kila kundi likifanya kazi peke yake, na majibu yakaafikiana. Ilikuwa lazima wakati ule NMR ijithibitishe kwa kuhesabu maumbo, kwa kuwa hicho ndicho kipimo ambacho wapinzani wake walikikubali. Tatizo ni kwamba imeendelea kupimwa kwa mizani ileile hata baada ya kazi yake kuu kuhamia kwingine.

Kwingine huko kunaonekana vizuri katika lisozaimu ya kirusi T4, kimeng'enya chenye asidi amino 164. Asidi amino ya nafasi ya 99, leusini, ikibadilishwa kuwa alanini, ambayo ni ndogo zaidi, ndani ya protini hubaki uwazi ambao molekuli ya benzini huweza kuingia na kukaa. Picha ya fuwele inauonyesha uwazi huo ukiwa umezibwa pande zote, na kwa hiyo swali likawa benzini inapita wapi. Vipimo vya NMR vilionyesha kuwa wakati wowote takriban asilimia 3 ya molekuli hizo zina umbo jingine, linalodumu kwa kama milisekunde moja tu, na dhana iliyovutia ilikuwa kwamba hapo ndipo mlango unapofunguka. Mwaka 2011 kundi la Lewis Kay wa Toronto lilichapisha umbo hilo lenyewe, na dhana ikaanguka: fenilalanini ya nafasi ya 114 inakuwa imegeuka na kuujaza uwazi wenyewe, hivyo benzini haina pa kukaa.

Inafaa kutafakari jinsi jambo hilo lilivyojulikana. Ishara za hiyo asilimia 3 hazionekani kabisa kwenye grafu. Zinasomwa kutokana na namna zinavyotia ukungu ishara za asilimia 97, ukungu unaopungua kadiri mapigo ya redio yanavyoongezwa kasi. Na tofauti ya nishati kati ya maumbo hayo mawili ni kama kilojuli 9 tu kwa moli. Kundi hilohilo lilipobadilisha asidi amino mbili zaidi, umbo lililokuwa adimu likawa ndilo la wengi. Mtu anayetafuta dawa, au anayetaka kujua kwa nini badiliko dogo la kijeni huleta ugonjwa mkubwa, hawezi kuridhika na picha ya asilimia 97 peke yake.

Ipo pia mifano ambayo umbo la kudumu halipo kabisa. Alfa-sinukleini, protini ya asidi amino 140 inayohusishwa na ugonjwa wa Parkinson, huelea ndani ya maji bila umbo maalumu, lakini AlphaFold huichora ikiwa na hesi ndefu, yaani umbo lililojizungusha kama skrubu, karibu kama inavyokuwa inapojishikiza kwenye utando wa seli. Mchoro si uongo. Ni jibu la hali moja lililotolewa kana kwamba ni la hali zote.

Itasemwa kwamba hadubini ya elektroni ya baridi kali nayo hutenganisha maumbo tofauti ya protini moja, na ni kweli, hasa kwa protini kubwa ambazo NMR huzifikia kwa taabu. Hata hivyo, sampuli huwa imegandishwa, na umbo la asilimia chache hupotea kwa urahisi katika wingi wa picha.

Kwa maoni yangu, anayetaka tu kujua protini ndogo imekunjwaje aanze na AlphaFold, na enzi ya kutumia NMR kwa kazi hiyo iishe bila majonzi. Kinachotia wasiwasi ni maabara kukataliwa fedha za sumaku kwa hoja ya idadi ya maumbo. Programu zitakazofuata, zinazojaribu kukisia maumbo yote ambayo protini hupitia pamoja na uwiano wake, zitahitaji vipimo vya kusahihishia, na vipimo vya aina hiyo kwa sehemu kubwa vinatoka katika mashine hizihizi zinazodaiwa kupitwa na wakati.