Kabla dhahabu ya arusi haijauzwa

Mombasa, mke akitimiza mwaka wa pili wa ndoa bila kushika mimba, maneno huanza. Ana chango, wasema. Akandwe tumbo, anywe mizizi. Mavyaa naye humnong'oneza mwanawe aongeze mke, na bado hakuna aliyemwambia mwana huyo apeleke mbegu zake maabara. Siku hizi pana shauri jingine: nendeni Nairobi mkafanye IVF. Hapo ndipo bangili za arusi zinapotolewa sandukuni.

Je, huduma hiyo ya kurutubisha yai nje ya mwili iletwe kwenye hospitali za umma za Pwani, tuseme Makadara, hospitali kuu ya Mombasa, au fedha ziende kwenye vipimo na tiba za kawaida?

Wanaoitaka wana hoja nzito kuliko wanavyosikilizwa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita hupatwa na ugumba wakati fulani maishani, na kwamba tofauti kati ya nchi tajiri na maskini ni ndogo. Tena kwetu Afrika chanzo kikubwa ni mirija ya uzazi iliyoziba kwa maambukizi: kisonono, klamidia, au vidudu vilivyoingia baada ya kuzaa au mimba kuharibika. IVF ilianzia kwa mgonjwa wa namna hiyo hasa. Louise Brown alipozaliwa Uingereza Julai 1978, wa kwanza duniani kwa njia hiyo, mamake alikuwa na mirija iliyoziba. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa IVF mwaka 2006, Nairobi. Tangu hapo mwenye fedha amekuwa na njia, na asiye nazo amebaki na mizizi yake.

Kuhusu dini, kikao cha wanazuoni wa fiqhi kilichofanyika Amman mwaka 1986 kiliruhusu, mradi mbegu na yai ni vya mume na mke walio ndani ya ndoa. Kanisa Katoliki lilikataa mwaka uliofuata. Kwa familia nyingi za Kiislamu hapa, basi, mlango haukufungwa.

Wanaopinga hutazama bei. Jaribio moja hula mamia ya maelfu ya shilingi na mara nyingi halishiki, hasa mwanamke anayetumia mayai yake mwenyewe akishapita miaka 40. Fedha hizo hizo zingetibu maambukizi ya wasichana wengi kabla mirija haijaharibika. Ni kweli. Lakini kinga haizibui mirija iliyokwisha kuziba, na si haki kumjibu dada wa miaka 34 kwa habari za kinga.

Mimi zimenigusa zaidi tafiti mbili. Ya kwanza ilitolewa mwaka 2017. Uholanzi, wanawake 1,119 walipigwa picha ya mirija, ile ya kutiwa dawa ionekane kwenye eksirei. Nusu walitiwa dawa ya maji, nusu ya mafuta. Baada ya miezi sita, waliotiwa ya mafuta walikuwa na mimba inayoendelea kwa asilimia 39.7, wenzao asilimia 29.1. Kipimo tu, na kimewapa wengine mimba! Ya pili ni ya 2019, kwa wanawake 1,364 wa nchi kadhaa. Ilipima desturi ya kukwaruza ukuta wa mji wa mimba kabla ya IVF, ambayo wengi walikuwa wakiilipia na kuivumilia maumivu yake. Waliokwaruzwa na wasiokwaruzwa walizaa sawasawa: asilimia 26.1.

Hata hivyo siwezi kuichukua ile ya Uholanzi na kuibandika Kisauni. Wanawake wale walichaguliwa wasiokuwa na dalili kubwa za mirija kuharibika. Wetu wengi wanazo. Ndiyo maana naona hospitali ianze na uchunguzi kamili wa mume na mke, kwa bei wanayoimudu, na kila jibu liandikwe na kuhesabiwa: wangapi wana mirija iliyoziba, wangapi mayai hayapevuki, wangapi shida iko kwa mume. Hiyo ndiyo hesabu itakayosema Pwani inahitaji IVF kwa kiasi gani, na mimi nitakuwa wa kwanza kuidai ikionyesha hivyo.

Kipimo cha mume ndicho chepesi kuliko vyote: kikopo, maabara, hadubini. Takriban nusu ya kesi za ugumba duniani zina mchango wa mwanamume, peke yake au pamoja na mkewe. Dada anayefikiria kuuza bangili zake leo, namwomba amuulize mumewe kwanza kama yuko tayari kupimwa, nyumbani, kwa upole, kabla ya kwenda kwa sonara.